Baba hana siko, mtoto ana siko: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya pwani

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya manesi, watu wa maabara, na wale wanaotoa ushauri kwa wachumba kabla ya ndoa, ila hata kama wewe ni mzazi tu na una karatasi kabatini imeandikwa "siko: negativu", soma mpaka mwisho. Siko ni siko seli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Majina nimetoa, mji nimetoa, umri na namba za vipimo nimezisogeza kidogo ili familia isitambulike, picha ya damu ndo imebaki ile ile. Mtoto tutamwita J, wazazi wake Mama J na Baba J.

Walikotoka

Ni wanandoa wa mji wa pwani Tanzania bara, mume fundi wa boti, mke anauza vitambaa. Kabla ya kuoana walifanya jambo ambalo wengi hawafanyi, walikwenda wenyewe kupima. Maabara ndogo ya mtaani, kipimo cha siko cha kawaida kabisa, kile cha kuchukua tone la damu, kulichanganya na dawa ya kunyonya oksijeni, kufunika na kioo kisha kusubiri na kuangalia kwenye hadubini kama chembe nyekundu zinajikunja kama mundu. Za bibi harusi zikajikunja, za bwana hazikujikunja. Wakaambiwa yeye ni mbebaji (ana kasoro moja ya kurithi, haumwi ila anaweza kumrithisha mtoto), wewe uko safi, hongereni, watoto wenu hawawezi kupata siko seli.

Ile karatasi Baba J aliitunza, na sentensi ile ndo iliyokuja kuwaunguza miaka minne baadaye.

Mtoto wa kwanza alizaliwa, akakua vizuri, "mweupe kidogo wa damu" lakini anacheza. J ni wa pili.

Mambo yalivyokwenda

Miezi ya mwanzo J hakuwa na shida, na hapo hamna ajabu, mtoto mchanga bado anatumia hemoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) ya tumboni (HbF) ambayo haijikunji, inapungua taratibu na kwa kawaida matatizo yanaanza kuchungulia kuanzia kama miezi sita hivi. J alipofika miezi minane akavimba mikono na miguu, vidole vikawa vinene, ukimgusa anapiga yowe. Nyumbani wakasema ni baridi, akakandwa kwa mafuta ya habasoda. Ikaisha. Ikarudi. Zahanati akapewa dawa mseto ya malaria mara mbili, mara moja kipimo kilisoma malaria kweli, mara ya pili hakikusoma ila akapewa tu.

Akiwa na mwaka na miezi mitano akalazwa, homa, macho ya njano, wengu umevimba unaushika chini ya mbavu, damu (Hb, yaani kiwango cha hemoglobini) 5.2, ndogo mno. Akaongezewa damu usiku ule ule, ikamwokoa, hilo tuseme wazi. Kesho yake mtu wa zamu akapima siko kwenye sampuli iliyochukuliwa kabla ya damu kuingia, ikasoma positivu, akamwambia mama akiwa peke yake pale kitandani: mwanao ana siko seli, na siko seli lazima itoke kwa baba na mama.

Mama J akapiga simu nyumbani na maneno hayo hayo. Baba J akatoa karatasi yake.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Kikao cha ukoo kikaitishwa mtoto akiwa bado wodini, wifi mtu akasema hadharani kwamba "sayansi haidanganyi", shemeji mwingine akaleta na kadi ya kliniki eti baba ni kundi A, mama ni B, mtoto kawa O, hii O imetoka wapi? (Hili nalijibu hapa hapa maana linavunja nyumba kila siku: mzazi mwenye A anaweza kuwa amebeba A na O, mwenye B anaweza kuwa amebeba B na O, wakikutana zile O mbili mtoto anakuwa O. Hamna kioja hapo.) Mama J alipotoka hospitali alikwenda kwa mama yake mzazi, na J mgongoni.

Sasa kikaja kitu kilichovuruga zaidi. Wiki tatu baada ya kuongezewa damu, mjomba mmoja mwenye uwezo akalipia kipimo kikubwa, elektroforesisi ya hemoglobini, kile kinachotenganisha aina za hemoglobini na kutoa asilimia. Majibu: A 46, S 39, F 11, A2 4 (A na A2 ni za mtu mzima wa kawaida, S ni ya siko, F ni ile ya tumboni). Chini mtu kaandika: "AS, mbebaji".

Furaha! Mtoto ni mbebaji tu kama mama yake, baba ni AA, kila kitu kimekaa sawa, ndoa imepona. Mama akarudi kwake. Dawa za mtoto zikawekwa pembeni, mbebaji haumwi si ndivyo, na alipoanza kulia tena usiku na damu kushuka, swali likahama, kama hana siko basi kuna mtu anamchezea huyu mtoto. Wakazunguka kwa wataalamu wa aina hiyo kama mwezi mzima. Akarudi hospitali na nimonia, na ndipo akaletwa kwenye kliniki yetu ya siko seli.

Tulichoamua, na kwa nini

La kwanza, kumtibu kama mgonjwa kamili bila kusubiri karatasi ikae sawa. Ubebaji wa siko peke yake haumfikishi mtoto damu 5.2, haumvimbishi vidole wala wengu namna ile. Ukiangalia mtoto na karatasi, na vinapingana, amini mtoto. Tukaanza penisilini ya kunywa asubuhi na jioni, foliki (vitamini inayosaidia kutengeneza damu), tukahakikisha chanjo za nimonia zimekamilika, na tukamfundisha mama kushika wengu. Hili la wengu nalirudia kwa kila mzazi: mlaze chali, vidole bapa upande wa kushoto chini ya mbavu, ukiona umeshuka ghafla kuliko jana na mtoto kapauka, usisubiri kuche.

La pili, kurudia elektroforesisi, ila baada ya miezi mitatu tangu damu ya mwisho. Ile "A 46" ilikuwa damu ya mchangiaji! Chembe nyekundu za mtu zinaishi siku 120 hivi, kwahiyo wiki tatu baada ya kuongezewa unapima watu wawili kwenye chupa moja. Na karatasi yenyewe ilikuwa inapiga kelele kwa aliyetaka kusikia, F 11 kwa mtoto wa mwaka na nusu ambaye ni mbebaji tu ni kubwa mno. Fomu ya maabara ilikuwa na sehemu ya kujaza kama mgonjwa ameongezewa damu, imeachwa wazi.

La tatu, kupima wazazi wote wawili, na sio kwa siko ya kioo, kwa elektroforesisi pamoja na picha nzima ya damu ile inayotoa ukubwa wa chembe nyekundu (MCV). Hapa daktari alishakuwa na wazo, sababu MCV ya J ilikuwa 64, chembe ndogo. Siko seli ya SS (S kutoka kwa wazazi wote wawili) yenyewe haifanyi chembe ziwe ndogo, kuna kitu kingine kimeingia.

La nne lilikuwa gumu. Upande wa baba walikuwa wanataka kipimo cha DNA cha uzazi. Tanzania bara jambo hilo lina sheria yake ya mwaka 2009 na linapitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sio kitu cha kwenda dukani. Hatukukataa kama haki yao, tulisema kwanza tumalize swali la ugonjwa, maana maelezo ya kitabibu hata nusu yake hayajatazamwa. Ila kabla ya kumtoa baba damu tulikaa na wao wawili tu, bila wifi, bila mjomba, tukawaambia ukweli kwamba vipimo vya kurithi vinaweza kufunua mambo ambayo mtu hakuyauliza, je wako tayari, na majibu wanataka kupewa pamoja au kila mtu na yake? Mama J alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo: "Pamoja. Mimi sina ninachokificha, sista." Baba J akaangalia chini, akasaini.

Majibu

J, miezi mitatu na ushee bila damu ya mtu: S 74.5, F 19.8, A2 5.7, A hakuna kabisa.

Mama: A 60, S 37, A2 3. Mbebaji wa siko, kama alivyoambiwa tangu mwanzo.

Baba: A 93.6, A2 5.3, F 1.1. Siko hana hata chembe. Damu 12.8, lakini MCV 66 na idadi ya chembe nyekundu milioni 6.3, yaani chembe nyingi sana na ndogo sana. Akiba ya madini ya chuma kawaida tu.

A2 iliyopanda pamoja na chembe ndogo ndo alama yenyewe: huyo ni mbebaji wa beta thalasemia. J ana siko-thalasemia, kasoro moja kutoka kwa mama, nyingine kutoka kwa baba.

Kwa wasioijua, ngoja nieleze kama tulivyomweleza Baba J. Hemoglobini ya mtu mzima inahitaji protini mbili, alfa na beta. Maelekezo ya kutengeneza beta yako kwenye jeni inaitwa HBB, iko kromosomu namba 11, na kila mtu anazo mbili, moja ya mama moja ya baba. Tukamwambia, chukulia una wapishi wawili jikoni. Kwenye siko, mpishi mmoja anapika lakini kakosea kiungo kimoja: herufi moja ya DNA imebadilika, A imekuwa T, kwahiyo amino asidi ya sita kati ya 146 za beta, badala ya kuwa glutamiki imekuwa valini, basi, kosa lenyewe ni hilo tu. Na hiyo valini inafanya hemoglobini zikikosa oksijeni zishikane ziwe nyuzi ndefu, chembe inajikunja. Kwenye thalasemia mpishi hakosei kiungo, haonekani kazini kabisa, au anakuja kwa kuchechemea. Zipo kasoro zaidi ya 200 zinazojulikana kwenye jeni hiyo hiyo zinazoweza kumfanya asipike.

Mama J ana mpishi mzima na mmoja wa siko, yule mzima anamfunika. Baba J ana mzima na mtoro, naye kafunikwa, dalili yake ni chembe ndogo tu. J kapewa yule wa siko kwa mama na mtoro kwa baba. Aliyebaki anapika jikoni ni wa siko peke yake, ndo maana A ni sifuri na ndo maana anaumwa kama wa SS.

Baba J alinyamaza, halafu akauliza kitu kizuri sana. "Kwahiyo ile karatasi yangu ilikuwa ya uongo?" Hapana. Ilikuwa kweli tupu. Kipimo kile kinauliza swali moja, je kuna hemoglobini S humu? Kwake hamna. Sentensi ya "watoto wenu hawawezi kupata siko seli" haikutoka kwenye kioo, ilitoka mdomoni mwa mtu.

Tena akakumbuka kwamba tangu ujana kila akipima anaambiwa damu haitoshi, amekunywa vidonge vya kuongeza damu miaka na miaka na havijawahi kufanya kitu. Bila shaka, tatizo lake halikuwa madini ya chuma. Mtoto wa kwanza naye tulimpima kwa ridhaa ya wazazi kwa sababu ya ule "weupe wa damu", akakutwa mbebaji wa thalasemia kama baba yake. Wifi mtu, ambaye naye siku zote anaambiwa ana upungufu wa damu, alikataa kupima. Ni haki yake.

Ilivyoishia

J sasa amepita miaka mitatu. Alianzishiwa haidroksiurea karibu na miaka miwili, dawa inayopandisha ile HbF, na F inazuia nyuzi za S kuungana. Utafiti uliotoka 2019 kwa watoto wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda ulionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilishuka, kwahiyo wale wanaosema ni dawa ya Wazungu wapunguze. Mwaka wa kwanza kwenye dawa J alilazwa mara moja. Shida ni pesa na umbali, mwezi ukikatika dawa mama anaanza kupiga simu huku na kule.

Ndoa ipo. Wazee wa upande wa mume walikwenda kwa wakwe kuomba radhi, mkwe akawapokea na kahawa, yakasemwa yaliyosemwa. Habari ya DNA ya uzazi ikafa yenyewe, hamna aliyeitaja tena. Mama J anasalimiana na wifi yake kwenye shughuli, zaidi ya hapo hapana, na sioni kama kuna mtu ana haki ya kumlazimisha.

Nini kilifanya kazi, nini kiliharibika

Tuanze na la maabara ya mtaani. Kipimo cha kioo ni cha bei rahisi na kina kazi yake, ila hakitofautishi AS na SS, hakioni thalasemia, hakioni hemoglobini C (kasoro nyingine ya kurithi), na kwa mtoto wa miezi michache kinaweza kukosa kabisa sababu S bado kidogo. Kwa wachumba, mmoja akionekana na S basi mwenzake asiishie kwenye kioo, apate elektroforesisi na MCV. Hii sio gharama ndogo kwa fundi boti, najua, lakini picha nzima ya damu hospitali nyingi za wilaya zinayo, na MCV ya 66 inaonekana pale bila kuongeza shilingi. Watu wanaangalia Hb tu, zile namba nyingine wanaziruka. Miaka yote hiyo ya vidonge, jibu lilikuwa limeprintiwa kwenye karatasi mstari wa nne.

Halafu ile kauli ya wodini, "lazima itoke kwa baba na mama". Kibaiolojia ni karibu sahihi kabisa. Kama maneno ya kumwambia mama peke yake, saa moja asubuhi, na mume hajapimwa, ni kiberiti. Unaposema hivyo umeshatoa hukumu kuhusu baba bila kumjua baba. Ingetosha kusema mtoto ana hemoglobini ya siko, tutahitaji kuwapima nyinyi wote wawili ndo tuelewe.

Kilichosaidia kuliko chote, kwa maoni yangu, ni ule mpangilio: mtoto kwanza, ugonjwa pili, ugomvi wa ukoo baadaye. Tungekwenda na DNA ya uzazi mbele ingejibu kweli kwamba baba ni yeye, lakini bado tusingejua mtoto anaumwa nini, na swali la "siko imetoka wapi sasa" lingebaki na kuwapeleka tena kwa waganga.

Elektroforesisi ya mtoto peke yake pia isingetosha, na hapa watu wa kliniki wanateleza. A2 kwenye mashine nyingi inapanda kidogo hata kwa SS wa kawaida, na huku kwetu watu wengi wana alfa thalasemia (kasoro ya ile protini ya alfa) ambayo ikikutana na SS nayo inafanya chembe ziwe ndogo. Karatasi ya J pekee ungeweza kuisoma njia mbili. Karatasi ya baba ndo ilifunga mjadala.

Kuna na suala la asili. Bibi mzaa baba wa Baba J ana damu ya Uarabuni, jambo ambalo pwani halishangazi mtu. Siko na thalasemia zote mbili zimeshamiri kule kulikokuwa na malaria, sababu mbebaji anapata kinga kiasi, kwa siko Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa kazi aliyofanya huku huku Afrika Mashariki. Thalasemia ya beta imejaa kuanzia Mediterania, Ghuba, mpaka India. Watu wakasafiri, wakaoana, jeni zikasafiri nao pande zote mbili, ndo maana Oman leo utakuta siko na thalasemia kwa pamoja, na sehemu ya siko yao ina alama za kutoka upande huu wa Wabantu. Kwahiyo pwani, Zanzibar, na kwa ndugu zetu walioko Muscat, swali la thalasemia lisiachwe. Wala usichague wa kumpima kwa kuangalia rangi au nywele, Baba J ukimuona hutamwambia chochote.

Linaloendelea

Wanataka mtoto wa tatu. Tumewaambia kila mimba inaanza upya: robo moja mzima kabisa, robo mbebaji wa siko, robo mbebaji wa thalasemia, robo kama J. Kwamba tayari wamepata mmoja mgonjwa hakupunguzi wala kuongeza. Baba J alidhani "zamu" imeshapita, ilibidi tutumie sarafu mbili za mia, tukarusha mezani mara kadhaa mpaka akacheka.

Mpango ulioandikwa kwenye faili lao ni huu: mtoto akizaliwa, matone ya kisigino kwenye karatasi maalumu siku za mwanzo. Yakitoka F na S bila A, achukuliwe ni mgonjwa na penisilini ianze kabla ya miezi mitatu, maana kwa umri huo siko-thalasemia ya aina hii na SS zinaonekana sawa na matibabu ya mwanzo ni yale yale. Yakitoka F na A, haimaanishi hana thalasemia ya baba yake, A2 kwa mtoto mchanga haisomeki vizuri, arudi apimwe akifika mwaka. Na mkunga atakayempokea apewe nakala, tumemwambia Mama J aiweke ndani ya kadi ya kliniki, sio kabatini.